Sufuria Ndani ya Injini

Mikono miwili iliidaka sufuria moja kwa wakati mmoja, na hakuna mkono uliokuwa tayari kuiachia.

Soko la vyuma chakavu lilikuwa limefurika. Watu walipigiana kelele juu ya marundo ya mabati, fremu za baiskeli na feni zisizo na mapanga. Mwenye sufuria yake alikuwa anabishana na mteja mwingine kuhusu mzani, asione kwamba kitu chake kimoja kimepata wachumba wawili.

"Samahani, dada," alisema kijana aliyeshika mpini wa kulia. "Hii niliiona tangu nikiwa kule."

"Na mimi niliiona tangu nikiwa hapa," alijibu binti aliyeshika mpini wa kushoto, kisha akajishangaa. Kwa kawaida yeye ni mtu wa kupisha. Kwenye foleni hupisha, mlangoni hupisha, hata kwenye maongezi hupisha mpaka maongezi yakaisha kabla hajasema lake.

Kijana alimtazama. Alimwona amevaa suruali ya kaki, shati kubwa la kiume lililokunjwa mikono, na kitambaa cha buluu kichwani chenye vumbi la mbao pembezoni. Binti naye alimwona kijana katika shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, isipokuwa kwenye pindo za mikono palipopakaa unga wa rangi ya waridi.

"Unataka kupikia nini?" kijana aliuliza.

"Gundi. Mimi ni seremala. Wewe je?"

"Mimi sipikii kitu. Nataka kuipika yenyewe."

Seremala alicheka kabla ya kupata nafasi ya kuona haya, na alipocheka mkono wake ukalegea. Sufuria ikawa ya kijana.

Lakini kijana hakuondoka. Alisimama na sufuria yake kifuani akaeleza kwamba mama yake, mkunga mstaafu, ana gari la zamani lililoegeshwa uani. Ndilo alilokuwa akiliendesha kwenda kuzalisha akina mama wa nusu ya mji. Manifoldi yake, lile bomba lenye matawi manne linalogawa hewa na petroli kwenye injini, ilipasuka. Fundi mmoja akaondoka nayo akisema anaenda kutafuta nyingine kama hiyo, na tangu hapo amekuwa kama aliyemezwa na ardhi. Madukani haipo, kwa sababu gari lenyewe lilishaacha kutengenezwa.

"Kwa hiyo nataka kuisubu mwenyewe nyumbani," alisema. "Nayeyusha sufuria na pistoni mbovu, namimina kwenye kalibu ya mchanga. Nimekwama kwenye kitu kimoja tu. Nahitaji mtu wa kunichongea umbo la mbao, nililaze kwenye mchanga liache alama yake. Umesema wewe ni nani vile?"

"Seremala," alisema seremala, na masikio yakapata moto.

Hivyo ndivyo namba ya simu ilivyotoka mfuko mmoja ikaingia mwingine.

Kijana alikuwa mtengeneza meno ya bandia katika kliniki moja ya mjini, na alipiga simu kama mtu anayelipwa kwa kupiga simu.

"Fundi, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Wewe binti, ukihojiwa na polisi utawachosha. Umbo letu linaendeleaje?"

"Linaendelea polepole."

"Nzuri. Mimi sina haraka nawe."

Alisema *nawe*, hakusema *nalo*, na seremala akabaki ameishika simu sikioni muda mrefu baada ya kukatika. Shangazi yake, ambaye alikuwa fundi cherehani na kiti chake kilikuwa hapo hapo barazani, alisimamisha mguu wake kwenye kanyagio.

"Bwana Sufuria huyo?"

"Ni mteja tu, shangazi."

"Ahaa. Mteja. Mimi wateja wangu wakinipigia simu hujibu nimekaa. Wewe husimama, ukajitazama kwenye kioo cha kabati la watu, kabati ambalo hata halijapakwa rangi."

Seremala aliinamia randa yake akajifanya hasikii. Shangazi alikuwa amegusa penyewe. Jioni kijana akitoka kazini hupita barazani, huketi juu ya magogo, na huzungumza huku seremala akichonga. Mwezi huo wote haukuwa na jioni iliyokuwa ndefu. Lakini kila unyoya wa mbao ulioanguka ulimkumbusha jambo moja: umbo likiisha, kazi imeisha, na kazi ikiisha, huyu mtu atapita hapa kwa sababu gani tena? Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo. Kuliuliza hakuthubutu.

Kulikuwa na jambo jingine pia ambalo hakuthubutu kulisema. Kijana alikuwa amepima matundu ya injini kwa uangalifu na kuleta mchoro safi wenye vipimo vyote. Seremala alipoutazama, alikumbuka somo la chuoni: aluminiamu ikipoa hunywea, kwa hiyo umbo la mbao lazima lizidi kidogo kile kinachotakiwa. Alitaka kumwambia. Alifungua mdomo mara kadhaa. Lakini kijana alikuwa anauonyesha ule mchoro kwa furaha ya mtu anayeonyesha picha ya mtoto wake wa kwanza, na seremala aliona vibaya kumtia dosari. Mtu wa meno atajulia wapi habari za chuma? Alidhani meno huokwa tu kama mkate.

Basi akaongeza vipimo mwenyewe, kimyakimya, tena kwa mapenzi.

Siku ya kusubu ilikuwa Jumapili asubuhi, uani kwa mkunga. Gari lilikuwa pale, la rangi ya maziwa, macho yake ya duara yakitazama mbele kama mgeni anayesubiri kuitwa ndani. Kijana alivaa aproni ya ngozi na glavu ndefu. Tanuri alilolijenga ndani ya pipa lilinguruma, sufuria ikalegea, ikajikunja, ikawa maji ya fedha. Walishindilia mchanga wenye unyevu, wakalitoa umbo la mbao taratibu, wakabaki na uwazi wenye matawi manne. Kijana akamimina. Harufu ya mchanga uliochomwa ikajaa ua mzima.

"Usipumue," alinong'ona.

"Wewe je?"

"Mimi niliacha tangu ulipofika."

Walipouvunja mchanga, manifoldi ilitoka nzima, yenye joto bado, nzuri ya kubusu. Mkunga alipiga makofi akiwa kwenye kiti chake. Kisha wakaipeleka kwenye injini.

Tawi la kwanza lilikaa kwenye tundu lake. La pili likapepesuka. La nne lilipitiliza kabisa, likatazama chuma kitupu.

Kijana alijaribu tena. Akaigeuza, akairudisha. Jasho lilimchuruzika hadi kidevuni.

"Ulifuata vipimo vyangu?" aliuliza, bila kuinua macho.

Kama angeuliza kwa utani wake wa kila siku, huenda seremala angejibu. Lakini sauti ilikuwa kavu, na mkunga alikuwa anatazama.

"Nilifuata mchoro wako."

"Basi kosa ni langu," alisema kijana.

Alilisema kwa kujilaumu. Seremala alilisikia kama kejeli. Alikusanya vifaa vyake mfukoni, akamuaga mkunga kwa adabu, akatoka. Kijana alidhani ameondoka kwa hasira, kwamba amechoka kupotezewa muda na mtu asiyejua hata kupima, na akaona haya kumpigia.

Siku zikapita simu ikiwa bubu. Shangazi alishona magauni ya sare bila kuuliza kitu, na kwa shangazi yule, kutouliza ilikuwa huruma kubwa sana. Mwishowe alikata uzi kwa meno akasema, "Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kuchonga stuli moja tangu juzi."

Seremala aliitazama stuli. Ilikuwa imebaki ndogo kama ya mwanasesere.

Kilichomsumbua zaidi ni hesabu. Nyongeza yake ilikuwa sahihi. Alikuwa ameirudia akilini mara nyingi. Ikiwa mchoro nao ulikuwa sahihi, bomba lingekaa. Asubuhi iliyofuata, akijua kijana yuko kazini, alichukua kipimo chake na ule mchoro, akaenda kubisha hodi kwa mkunga.

"Karibu, binti yangu. Umekuja kumwona mtu au gari?"

"Gari, mama."

"Afadhali. Gari halijanuna."

Seremala aliinama chini ya boneti. Alipima kutoka tundu la kwanza hadi la pili, akatazama mchoro. Alipima hadi la tatu, akatazama tena. Alipofika la nne aliketi juu ya bampa bila kujua ameketi. Namba za kwenye mchoro zilizidi injini. Zilizidi kidogo tu, kwa kiasi kile kile alichofundishwa chuoni.

"Mama," alisema, "hivi mwanao anajua kwamba aluminiamu ikipoa hunywea?"

"Anajua?" Mkunga alivua miwani. "Huyo husubu vile vyuma vya kushikia meno ya bandia. Habari za kunywea ndizo anazotusimulia mezani mpaka chakula kinapoa. Kwani kuna nini?"

Seremala alimweleza. Alieleza akiwa ametazama viatu vyake, na alipomaliza mkunga alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa pindo la gauni.

"Kwa hiyo kila mmoja wenu katia chumvi kwenye chungu kimoja kwa siri, halafu mnashangaa chakula hakiliki. Na midomo mnayo wote wawili?"

"Tunayo, mama."

"Basi nenda kaitumie. Mimi nimezalisha watu maisha yangu yote. Nakwambia, kinachotaka kutoka kikizuiwa ndiyo balaa."

Seremala alikwenda nyuma ya gari, akapiga moyo konde, akabonyeza namba. Hakuwahi kumpigia yeye kwanza. Simu iliita mara moja tu.

"Umenipigia wewe," alisema kijana, kama mtu anayesoma habari gazetini asiyoiamini. "Leo jua limetokea wapi?"

"Niliongeza."

"Uliongeza nini?"

"Vipimo. Nilijua itanywea, nikaona haya kukwambia, nikaongeza. Halafu uliponiuliza nikasema nilifuata mchoro. Nilikudanganya. Nisamehe."

Kisha ikasikika sauti ya kukatika-katika, na seremala akadhani amemliza.

"Fundi wangu," alisema kijana akihema kwa kicheko, "na mimi niliongeza. Nilisema seremala wa watu nisimsumbue na mambo ya chuma. Hebu ngoja niweke chini meno ya mzee wa watu, nitayaangusha."

"Ulisema kosa ni lako. Nilidhani unanisema."

"Nilikuwa najisema mwenyewe. Nikaogopa umenichoka. Unajua ni siku ngapi sijapiga simu? Hata dada wa mapokezi ameniuliza kama nimefiwa."

"Ungepiga."

"Na wewe ungepiga."

"Si ndiyo nimepiga," alisema seremala.

Ile manifoldi iliyozidi ilirudi motoni. Seremala alichonga umbo jipya, safari hii kijana akiwa ameketi pembeni na rula, wakiulizana kila kipimo mpaka shangazi akaomba wahamie uani, wanamhesabisha vibaya mishono. Walipomimina tena na kupeleka kwenye injini, matawi yote manne yalikaa, na kijana akazikaza nati taratibu, akisimama kila mara kumtazama mwenzake kana kwamba anaomba ruhusa.

Injini ilikohoa, ikaguna, ikakohoa tena, kisha ikashika mdundo wake.

Mkunga alikuwa ameshabadilisha nguo. Alitokea na gauni la kijani lililonyooshwa hadi likasimama, miwani ya jua, na mkoba kwapani.

"Tokeni hapo mbele," alisema. "Gari ni langu."

Wakaketi nyuma kama watoto wanaopelekwa shule. Seremala alivaa gauni la maua madogo alilolishona shangazi akisema ni la mteja asiyetaka kumtaja jina. Mji ulipita dirishani taratibu; watu waligeuka, wengine wakapunga mkono. Kijana alikuwa na weusi wa grisi chini ya kucha, na kidole chake kidogo kilikuwa kimegusa kidole kidogo cha seremala juu ya kiti.

Taa ikawa nyekundu. Gari likasimama likitetema polepole.

"Kazi imeisha," alisema seremala.

"Imeisha."

"Kesho jioni utapita barazani kwa sababu gani?"

Alikuwa ameliuliza. Moyo ulimwenda mbio kuliko injini, lakini hakuyaondoa macho.

Kijana aligeuka akamkabili. "Nilikuwa natafuta kitu kingine kibovu cha kukuletea," alisema. "Nimeikagua nyumba nzima, kila kitu kinafanya kazi. Sasa naona niseme ukweli tu. Nataka kupita kwa sababu yako. Na nikishapita, nisiondoke. Utakubali nikuoe, mpenzi?"

Taa ikawa ya kijani. Nyuma yao honi moja ikalia, kisha ya pili, kisha msururu mzima.

Mkunga hakugusa gia. Alizungusha kioo cha dirisha, akatoa mkono nje, akaonyesha kiganja kwa walio nyuma.

"Wangoje," alisema. "Gari hili limesimama miaka, haliwezi kufa kwa dakika moja. Jibu kwa raha zako, binti yangu. Ukitaka kumuuliza kitu kwanza, muulize."

Seremala alifikiri. Honi zililia. Akatafuta swali moyoni, akakuta halimo.

"Nimekubali," alisema.

Mkunga akarudisha mkono ndani, akatia gia.