Kontena Lililozimwa Likajibu

Jambo hili lilimkuta rafiki yangu Nasma, fundi wa kompyuta wa Makorora. Aliitwa kwenye zahanati moja ya Raskazone, maana majibu ya maabara yalikuwa hayamfikii daktari, na wagonjwa walikuwa wamejaa barazani.

Kompyuta kuu ilikuwa stoo, kwenye chumba kisicho na dirisha. Iliendeshwa kwa mfumo wa Linux, na programu ya maabara ilifungiwa ndani yake peke yake, katika kile mafundi wanachokiita kontena. Kazi ya Nasma ilikuwa kufungua njia ili kompyuta na kontena vipate kuwasiliana. Tangu asubuhi alikuwa akituma wito kwenye kontena, ameitegesha kompyuta ilie kila itakapojibiwa. Haikulia. Mgongo ulimuuma, macho yalimwasha.

Alasiri umeme ukakatika. Kompyuta ikabaki ikivuma kwa betri gizani.

"Bora nilizime nianze upya," akajisemea, akalizima kontena.

Hapo ndipo kompyuta ikalia: ti. Kisha tena, taratibu, ti, ti.

Akachomoa waya wa mtandao. Ti. Akaizima kompyuta yenyewe. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama, na giza likawa totoro.

"Nasma," muuguzi Loveness akaita kutoka nje ya mlango, "umefanikiwa? Nasikia inalia."

"Nimezima kila kitu, dada."

Wote wawili wakatega masikio. Mlio ukaja tena, na safari hii haukutoka kwenye kompyuta. Ulitoka nyuma ya Nasma, kwenye ukuta mtupu, usawa wa shingo yake.