Taratibu Anatetea Leseni Yake

Dereva wa basi la shule alikuwa na jina lake, lakini watoto walimwita Taratibu. Hakukimbiza basi hata siku moja. Kwenye tuta alipita kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Kila asubuhi alilizunguka basi, akagonga gurudumu moja moja kwa kiatu, kisha akapanda na kuuliza:

"Nani hajafunga mkanda?"

"Wewe!" alijibu msichana mdogo wa kiti cha mbele.

Taratibu alijifunga, watoto wakacheka, safari ikaanza.

Nyumbani aliishi na mkewe, fundi cherehani asiyezunguka maneno. Aliishi pia na mama yake mzazi, mwenye dawa ya kila ugonjwa. Dawa yenyewe ilikuwa moja tu: chupa ndogo ya pombe kali iliyokaa nyuma ya debe la unga.

Siku moja Taratibu aliamka na jino linauma. Shavu limevimba.

"Nenda ukang'oe," mkewe alisema.

"Litapoa."

"Jino halipoi kama uji, baba watoto."

Mama tayari alikuwa ameshalowesha pamba. "Ng'ata hapo, mwanangu. Usimeze, tema. Baba yako alizikwa na meno yake yote." Kisha akaitia chupa kwenye mfuko wa shati la mwanawe.

Jioni, mtoto wa mwisho alipokwisha kushuka, maumivu yakapanda hadi jichoni. Taratibu aliegesha basi. Alilowesha pamba, akaing'ata, akatema, akaondoka kulirudisha basi. Hakufika mbali. Askari wa barabarani alimsimamisha.

Askari akasogeza pua dirishani. "Mzee, umekunywa?"

"Sijanywa, afande. Ni jino." Akatoa pamba mdomoni akamwonyesha.

"Kila mtu ana hadithi yake. Puliza hapa."

Taratibu akapuliza kifaa. Kifaa kikasema amelewa sana. Akakamatwa palepale. Leseni ikachukuliwa, akapewa karatasi. Mkewe akaenda kumwekea dhamana.

Walipofika nyumbani, mke alisimama mbele yake. "Nakuuliza mara moja tu. Ulikunywa?"

"Sikunywa."

"Hata funda moja?"

"Hata funda. Niliweka kwenye jino, nikatema."

Alimtazama usoni, kisha akavuta kiti akakaa. "Basi nimekuamini. Ungekuwa umekunywa ukiwa na basi la watoto, mimi ningekuwa wa kwanza kuwaambia waifute hiyo leseni."

Shule ilimpata dereva wa muda. Taratibu aliruhusiwa kukaa pembeni yake, amwonyeshe njia na kuwafungulia watoto mlango. Lakini mwalimu mkuu alimwambia wazi: leseni ikifutwa, kazi imekwisha. Naye hakujua kazi nyingine.

Hapo akafanya kosa ambalo watu wengi hufanya. Alikunja ile karatasi akaitia mfukoni. "Nitasema yangu mahakamani," alisema, akangoja. Siku ya mahakama ilikuwa mbali.

Bahati yao, jirani alileta sketi ipunguzwe kiuno. Jirani huyo ni msaidizi wa sheria. Kazi yake ni kuwaeleza watu haki zao.

"Shemeji, mbona una uso wa msibani?" aliuliza.

Wakamweleza. Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo karatasi. Umeisoma?"

"Nimesoma juu. Inataja mahakama."

"Na chini?"

"Chini sikufika, shemeji. Niliona aibu."

Jirani alisoma hadi mwisho. "Sikiliza. Hapa kuna mambo mawili, si moja. Mahakama itaamua kama ulivunja sheria. Leseni inaamuliwa na ofisi ya leseni, na ofisi hiyo haimsubiri hakimu. Wanasema leseni itafutwa, isipokuwa wewe mwenyewe uombe kusikilizwa. Na wamekupa siku ya mwisho. Ukikaa kimya, wanahesabu umekubali."

"Siku ya mwisho lini?" mke aliuliza.

"Kesho."

Mke akasimamisha cherehani. "Kesho! Na wewe umeikalia karatasi kama kuku anayeatamia!"

"Mgombeze baadaye, dada," jirani alisema. "Sasa tuandike. Shemeji, unaomba kusikilizwa. Unaomba askari aliyekupima aje, na kumbukumbu za kipimo ziletwe. Kesho unapeleka mwenyewe, na unabaki na nakala iliyogongwa mhuri. Bila mhuri, watasema hukuja."

"Na hapo nitasema nini?"

"Ukweli, pamoja na ule unaokuchoma. Pombe ikiwa bado mdomoni, kifaa kinaweza kusoma ya mdomoni badala ya iliyo mwilini. Ndiyo maana mpimaji husubiri kwanza, kisha anapima. Waulize kama alisubiri. Lakini nikuambie: angekuja kwangu dereva aliyekunywa kweli, nisingemfundisha uongo. Ningemwambia akubali, atafute msaada wa kuacha."

"Na basi? Hata kulisogeza uani?"

"Hata uani. Usiguse usukani mpaka leseni irudi."

Mama, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akauliza, "Sheria hii ni ya hapa tu?"

"Kila nchi ina utaratibu wake, mama, na muda wake. Ndiyo sababu karatasi inasomwa mpaka nukta ya mwisho."

Kesho yake Taratibu alipeleka ombi, akapata mhuri. Akitoka hapo akaenda kung'oa jino.

Kabla ya kuitwa, ikaja asubuhi ya mvua kubwa. Dereva wa muda alichelewa. Watoto walikuwa wamejaa ndani ya basi, na mzazi mmoja alikuwa anafoka.

"Endesha tu, bwana! Njia unaijua. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alijibu Taratibu.

Akawategea watoto vitendawili mpaka dereva akafika. Walichelewa shule, na mzazi akaenda kulalamika. Taratibu hakujitetea.

Siku ya kusikilizwa, waliingia chumba kidogo chenye feni inayolia kama panya. Mbele walikaa watu watatu wa ofisi ya leseni. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mwenye miwani. Mama alijiunga bila kualikwa.

"Mama, utanyamaza?" mke alimnong'oneza.

"Nitanyamaza nikishasema."

Mwenyekiti alimgeukia askari. "Dereva alikuambia habari za jino?"

Mke alishika mkoba kwa mikono miwili. Askari angeweza kusema hakumbuki. Nani angempinga?

"Aliniambia, mheshimiwa," askari alisema. "Alinionyesha na pamba. Nilidhani ni ujanja. Nilimpima palepale. Sikusubiri, wala sikurudia kipimo."

Hakuna aliyemlazimisha. Inahitaji moyo kusema hivyo mbele ya mtu uliyemkamata.

Mama akasimama. "Pamba ni yangu! Sikumlewesha mwanangu. Nililewesha jino!"

Mwenyekiti aliinama kuficha kicheko. "Kaa, mama. Tumesikia. Na wewe dereva, unasema huna kosa kabisa?"

"Ninalo," Taratibu alijibu. "Nilibeba pombe ndani ya basi la watoto. Tena niliendesha huku maumivu yamenifumba jicho moja. Ningepaswa kuacha basi, nipige simu. Sitarudia."

"Tangu leseni ichukuliwe, umeendesha?"

"Hapana."

"Muulizeni siku ya mvua!" mke alidakia. Wakamuuliza, akaeleza kwa maneno machache. Mwenyekiti alivua miwani akamtazama vizuri.

Jibu lilikuja baadaye. Leseni haikufutwa; alirudishiwa. Alipewa onyo kali kuhusu ile chupa.

Mama alianza kupiga vigelegele, lakini jirani akamzuia. "Mlango mmoja umefunguka. Wa mahakama bado." Taratibu akaenda mahakamani siku aliyopangiwa, hakuchelewa. Askari akarudia maneno yaleyale, na kesi ikafutwa. Nje, Taratibu alimpa mkono.

"Ulisema kweli, afande."

"Siku hizi nasubiri kwanza, mzee, ndipo napima."

Chupa ilihama jikoni. Sasa iko kwenye meza ya cherehani, mke anafutia mikasi. Mama aliponung'unika, aliambiwa jino lake likiuma atapelekwa kwa daktari, na dereva yupo.

Asubuhi ya kwanza ya kurudi kwenye usukani, Taratibu alilizunguka basi, akagonga magurudumu, akapanda. Msichana wa kiti cha mbele alimziba njia.

"Fungua mdomo."

Akafungua. Mtoto akachungulia pengo.

"Jino liko wapi?"

"Limefutiwa leseni."

Basi zima likacheka. Taratibu akakaa, akashika usukani kwa mikono miwili, akaangalia kioo.

"Nani hajafunga mkanda?"