Dumu Lililooshwa Mara Saba

Mwaka 1996 josho la serikali la kuogeshea ng'ombe kule Haneti lilikuwa limekauka, na kila mfugaji alijinunulia dawa ya kupe. Madumu matupu yakabaki nyumbani. Jenifa hakuwa mtu wa kutupa dumu zuri. Aliosha moja mara saba, kwa sabuni na mchanga, mpaka harufu ikaisha. Mwezi mzima wakalitekea maji.

Asubuhi moja bwana mifugo Fabian alipita kuangalia ndama. Akamkuta Jenifa akikamua alizeti.

"Shikamoo, Mama Sila. Lile dumu la dawa liko wapi?"

"Marahaba. Nimelijaza mafuta, nikampelekea Anyesi, mke wa Sila. Ana mimba ya miezi minane, ale vizuri."

"Ameshayapikia?"

"Anaanza leo. Ana wageni." Jenifa akaacha kukamua. "Lakini nililiosha mara saba. Maji yake tumekunywa, hakuna aliyeumwa."

"Hata maji hayakuwa salama. Mafuta ni hatari zaidi. Panda, nitakueleza njiani."

Jenifa akapanda nyuma ya baiskeli.

"Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo mno," alisema Fabian, akihema. "Chembe za maji zina upande chanya na upande hasi, basi zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Za dawa ile haziko hivyo. Maji hayazipokei."

"Mbona tukiikoroga kwenye maji inachanganyika?"

"Inakuwa nyeupe kama maziwa, sivyo? Haijayeyuka, imetawanyika tu. Na nyingine imenywewa na plastiki ya dumu. Mafuta yamejengwa karibu sawa na dawa, kwa hiyo yanaivuta itoke."

 Jenifa aliogopa sana. Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyoyamimina.

Walipokaribia kwa Anyesi, harufu ya vitunguu ikawapokea.

"Anyesi, epua!" Jenifa aliita kabla baiskeli haijasimama.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Umeonja?"

"Bado. Vitunguu havijaiva."

Jenifa akaketi chini, akalia mbele ya wageni bila kuona haya.

Mafuta yale waliyafukia mbali na kisima. Fabian alipotaka kulitoboa dumu, Jenifa alimnyang'anya msumari. Alilitoboa mwenyewe, matundu saba.

Mwezi uliofuata Anyesi alijifungua salama. Jenifa akampelekea mafuta kwenye chupa ya kioo. Anyesi aliipokea, akasita.

"Mama, usinielewe vibaya. Chupa hii ilikuwa na nini?"

"Soda," alisema Jenifa. "Uliza, mwanangu. Kila nikikuletea kitu, uliza."