Neno Nililolimeza Nusu

"Nimekuja kumposa huyu."

Sauti, msomaji wa filamu wa mtaani kwetu, alinyoosha mkono… ukampita mama mkubwa… ukaenda kusimama kwa mama mdogo!

Jamani! Nilikuwa mlangoni na trei ya chai. Sijui kwa nini haikudondoka.

Mama mdogo akaziba mdomo kwa kiganja, macho yanacheka.

Mama mkubwa akasema, "Karibu nyumbani, shemeji."

Shemeji! Mwanaume aliyempenda miaka sita bila kumwambia hata nusu neno!

Na aliyevuruga yote ni mimi.

Mimi ni mwoga wa kuongea. Darasani mwalimu akiniita nasimama kama nguzo, jibu ninalo, halitoki. Ndiyo maana naandika hapa, wote wakiwa wamelala.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu. Kabla hajakata roho alimshika mama mkubwa mkono, akamwambia asituache, mimi na mama mdogo, mdogo wao wa mwisho. Mama mkubwa akaahidi: "Nitawatanguliza." Kila aliyekuja kumposa alijibiwa, "Bado nina watoto."

Kazi yake ni kutafsiri filamu za ukumbi wa mtaani kwetu. Anasikiliza, anaandika Kiswahili. Mwandiko wake ni kama kuku kapita kwenye matope, kwa hiyo mama mdogo ananakili vizuri. Mimi napeleka karatasi. Sauti anakaa pembeni ya pazia na kipaza sauti, anawasomea watazamaji filamu ikiendelea. Jina lake halisi hata silijui. Mtaa mzima unamwita Sauti.

Sasa ikaja filamu moja ya zamani. Msimamizi wa jumba la tajiri, na mwanamke anayetunza funguo za jumba hilo. Miaka kumi na tisa wako pamoja. "Shikamana na kazi" ndiyo dini yao. Wanapendana, lakini hakuna anayesema. Mwisho mwanamke anahama, mwanaume anambebea sanduku mpaka stesheni. Wanasimama. Wanatazamana. Kimya.

Nilikuwa nimekaa kando ya mama mkubwa. Nikamwona anaandika!

"Mama mkubwa, mbona hawaongei?"

"Wanaongea. Wewe tu husikii."

Aliandika hivi: *Kila asubuhi naandaa vikombe viwili, halafu nakumbuka kwamba sijawahi kukukaribisha.*

Mama mdogo akanakili, akidhani ni maneno ya filamu. Mimi nikapeleka.

Sauti alizipitia karatasi pale pale dirishani pa tiketi, filamu alishaiangalia mchana. Akasimama ghafla.

"We mtoto. Hapa hawaongei. Nani kaweka haya maneno?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Sikuumi bwana! Nani?"

"Mama m…"

Sauti yangu ikakatika. Nyuma yangu kuna foleni, wavulana wa shuleni kwetu wanacheka. "Mwambie apandishe volyumu!" mmoja akapiga kelele.

"Mama mdogo?" akauliza Sauti. "Mwandiko ni wake."

Nikaitikia kwa kichwa.

Nikaitikia, wapendwa! Nilitaka tu kuondoka pale. Nikajiambia nitamrekebisha kesho. Kesho ikafika, nikamkabidhi karatasi nyingine, nikakimbia. Na keshokutwa yake.

Wiki tatu baadaye ndiyo ile posa.

Sebuleni alimwambia mama mdogo, "Yale maneno ya vikombe uliyoniandikia… nilijua hayakuwa ya filamu."

Mama mdogo akacheka. "Mimi nimenakili tu!"

"Haya, nakili hivyo hivyo maisha yetu yote."

Watu wakacheka. Sauti akadhani mama mdogo anaona aibu. Mama mdogo akadhani anataniwa.

Mama mkubwa akaniambia, "Mwanangu, weka trei mezani, chai itapoa."

Walipoondoka nilimfuata jikoni, anasuuza vikombe. Nikalia mpaka kwikwi.

"Mama mkubwa, ni mimi! Aliniuliza nani kaandika… nikameza neno… akasema mama mdogo, nikakubali! Nitaenda kumwambia leo hii, naapa!"

Hakugeuka.

"Huendi popote."

"Lakini hajui!"

"Alikuja kuniuliza."

"Lini?"

"Siku ya pili yake tu. Alisimama hapo ulipo. Akasema, mtoto kaniambia ni mdogo wako, lakini moyo wangu unabisha. Niambie wewe, dada, ni nani?"

"Ukamwambia nini?"

"Asubuhi hiyo hiyo mdogo wangu alikuwa amenilalia mapajani, ananiambia anampenda Sauti mpaka chakula hakishuki." Akafunga bomba. "Nikamwambia ni yeye."

"Kwa nini?!"

"Niliahidi."

"Na wewe je?"

Akanifuta machozi kwa mkono uliolowa.

"Mimi sikuulizwa nataka nini. Niliulizwa nani kaandika."

Sasa ni mwaka. Mama mdogo ni mjamzito, anafurahi, hana kosa lolote. Mama mkubwa bado anatafsiri. Mimi bado napeleka.

Juzi Sauti alipokea karatasi, akazigeuza geuza.

"Siku hizi mama'ako mdogo haniandikii tena chochote. Nikimuomba anasema hajui kutunga. Hivi mtu anaweza kuishiwa maneno?"

Safari hii sauti yangu ilikuwepo! Ilifika mpaka kwenye meno. Hakukuwa na foleni. Hakukuwa na wa kunicheka.

Lakini ningesema, nani angepona? Mama mdogo? Mtoto tumboni?

"Anachoka, baba mdogo," nikamwambia. "Ni ujauzito."

Akashukuru, akaingia ndani.

Wenzangu mnaoona aibu kuongea, nawaomba. Ukiulizwa jambo la mtu, lijibu siku hiyo hiyo, hata ukitetemeka, hata wakikucheka. Neno lina muda wake. Likipitiliza, hata likiwa la kweli linageuka kisu, na mwenye huruma hawezi tena kulitoa.

Nyumbani mama mkubwa aliniuliza, "Kasema nini?"

Nikamjibu, "Hajasema kitu."