Pari na Maji ya Adhuhuri

Kwetu milimani, jua likiipiga barafu, maji hushuka mferejini kuanzia asubuhi hadi alasiri. Hatuusogelei mfereji ila adhuhuri, anapolala pari, jini mke wa majini. Saa nyingine bwawa, unakoishia mfereji, hugugumia, gu-gu-gu, na wala humwoni anayekunywa. Mimi mwenyewe nimelisikia nikatimua mbio.

Qurbonsho, mgawa maji wa kijiji, alipima maji adhuhuri: mapipa tisa kwa saa. Kwa muda wa saa sita, hamsini na nne, akayagawa yote. Lakini bwawa liliingiza thelathini na sita tu. Miaprikoti ya mwisho kumwagiliwa ikaanza kukauka.

"Pari anakunywa theluthi!" alisema mama yake, Bibi Davlatmo. "Tangu mkeo amuudhi kwa kuosha nywele mferejini. Kesho arudi kwao!"

Nigina, mke wa Qurbonsho, alifunga kifurushi akilia. Nilimhurumia sana.

Jirani yao, Mwalimu Mahbuba, aliingia kuomba chumvi. "Kwani mnapima adhuhuri tu?"

"Ulitaka tupime pari akiwa macho?" alifoka Bibi. "Nenda wewe, tutakuzika vizuri!"

Mwalimu alikwenda kweli. Alimshika Nigina mkono, wakakaa mferejini kutwa, wakipima kila saa. Bwawa liligugumia karibu yao. Nigina hakuondoka. Maji yalianza sifuri. Kisha tano, nane, tisa, nane, tano, sifuri.

Jioni tulikusanyika bwawani. Mwalimu aliandika mchangani kwa kijiti.

"Tuuite t muda tangu maji yaanze. Vipimo vyetu vinaonyesha maji kwa saa ni 6t − t²: saa ya kwanza, sita toa moja, tano. Hayaji tisa kila saa! Yanapanda, yanashuka. Jumla yake, pamoja na dakika zote za katikati, huitwa integrali. Ongeza kipeo kwa moja, kisha gawanya kwa kipeo kipya. Basi 6t inakuwa 3t². Na t² inakuwa t³ gawanya kwa tatu. Sasa weka sita, mwisho wa maji: 108 toa 72. Weka sifuri, mwanzo wake: sifuri. Toa mwanzo kwenye mwisho."

"Thelathini na sita," alinong'ona Nigina. "Kumbe hakuna aliyekunywa hata tone!"

Siku hizi tunagawa mapipa thelathini na sita, na miaprikoti yote inazaa. Lakini jioni ile Bibi Davlatmo aliinama juu ya maji.

"Pari, utusamehe. Tulikusingizia."

Bwawa likajibu: gu. Nywele zilitusimama.

"Na mimi je, mama?" aliuliza Nigina.

Bibi alimkumbatia mbele yetu sote, machozi yakimtoka.

"Wewe zaidi, mwanangu," alisema. "Wewe zaidi."