Neno la Dobi Mkubwa

Shuka kubwa iliyolowa haikamuliwi na mtu mmoja. Huyu anashika ncha hii, yule anashika ncha ile, kila mmoja anasokota upande wake mpaka maji yaishe. Mmoja akiachia, shuka inaanguka kwenye tope na kazi inaanza upya. Hivyo ndivyo wanawake wa uwanja wa kufulia walivyofanya kazi tangu zamani, na ndivyo alivyofanya Dobi Mdogo kila siku.

Aliitwa Dobi Mdogo ingawa wanawe walikuwa wamemzidi kimo. Dobi Mkubwa alikuwa mama yake, ambaye alifua kwenye uwanja huo maisha yake yote, akafariki mwaka uliopita. Watu walimwambia binti kwamba atazoea. Hakuzoea. Alikuwa akisuuza shuka, mara anageuka kumwonyesha mama doa lililogoma kutoka, halafu anakumbuka. Alimkosa mama yake kama mtu anavyokosa maji ya kunywa.

Ukaja msimu wa uchaguzi. Gari la matangazo lilipita mtaani na sauti nzito: "Usiachie! Usiachie!" Hiyo ilikuwa kauli mbiu ya diwani, aliyetaka kuchaguliwa tena. Dobi Mdogo alidondosha nguo akakimbilia lango. Neno hilo alilijua. Mama alilisema kila walipokunja shuka nyumbani, yeye akiwa mtoto ameshika ncha zake mbili.

Tangu siku hiyo, gari likipita, alilifuata mpaka kwenye kona. Mumewe, fundi viatu, alimtania kwamba amepata mpenzi mwenye spika. Dobi Mdogo alicheka, lakini machozi yalikuwa karibu.

Kisha mtu wa kampeni alimfuata uwanjani. Alimwambia kwamba mtaa mzima unajua neno lile ni la mama yake, basi diwani anamwomba afungue mkutano kwa kulitamka. Dobi Mdogo alikubali kabla mgeni hajamaliza kusema. Alipewa fulana yenye neno lile kifuani.

Wenzake hawakufurahi. Zilikuwepo habari kwamba diwani anataka uwanja wa kufulia uuzwe, yajengwe maduka. Dobi Mdogo aliwajibu kwamba mtu anayesema maneno ya mama yake hawezi kumfukuza.

Jirani yake alikuwa mkutubi mstaafu, mama mpole aliyependa kuuliza maswali. Alimkuta anapiga pasi fulana ile, akaketi.

"Mwanangu, diwani huyo amewahi kukamua hata leso?"

"Sijui. Lakini neno ni la mama."

"Ndiyo. Na yeye amelitoa wapi?"

Dobi Mdogo aliiweka pasi chini. Mkutubi akamweleza taratibu. Maneno ya siasa mara nyingi hayazaliwi jukwaani. Mengine yanaanzia kazini, mengine uwanja wa mpira, mengine msibani. Mtu analisema neno akiwa na shida yake, wenzake wanalipenda, linasambaa. Mwishowe wenye mikutano wanalichukua.

"Kulichukua si kosa," alisema. "Ila ukilisikia, usiishie kulipenda. Uliza nani alilisema kwanza, na alikuwa anadai nini. Halafu uliza huyu wa leo anadai nini. Majibu yakipishana, ujue neno limebaki ganda."

"Na nani atanijibu, mama? Aliyelisema yuko kaburini."

"Shuka inashikwa na wawili. Mwenzake nani?"

Mwenzake alikuwa Mama Jozi, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuonekana bila Dobi Mkubwa. Siku hizi miguu ilimsumbua, alikaa ndani. Dobi Mdogo aliona haya. Hakuwa amekwenda kumwona tangu mazishi.

Mama Jozi alimpokea kwa furaha, na alipoulizwa habari za neno lile, alimshangaa. Kumbe mama hakumsimulia! Zamani sabuni ya uwanjani ilikuwa kali, ikawachubua mikono. Waliomba glavu, wakapuuzwa. Siku moja Dobi Mkubwa aliwaambia wenzake wasikamue. Walishika shuka zilizolowa, ncha kwa ncha, wakaizunguka ofisi ya msimamizi.

"Mama yako aliita, 'Umeshika?' Sisi tukajibu, 'Nimeshika, usiachie.' Ndivyo tulivyoitana kila siku kwenye kukamua. Anayeita naye lazima awe ameshika. Tulisimama hivyo mpaka glavu zikaletwa."

"Kwa hiyo diwani amechukua nusu."

"Amechukua nusu isiyomchosha," alisema Mama Jozi.

Siku ya mkutano Dobi Mdogo alipanda jukwaani bila ile fulana. Aliwaona wenzake wamekaa pamoja, wamenuna. Alitaka sana kushuka. Badala yake alimgeukia diwani na kumwita kwa sauti ya uwanjani:

"Umeshika?"

Diwani alitabasamu, akapunga mkono. Hakujua jibu. Lakini kule chini wafuaji walijua, wakainuka wote: "Nimeshika, usiachie!"

Dobi Mdogo alisikiliza sauti zile. Aliitafuta moja tu, naye alijua haimo. Akaeleza wanawake walidai nini na neno lile, kisha akauliza:

"Mheshimiwa, neno hili lilizaliwa kwenye uwanja wa kufulia. Uwanja huo mtauuza?"

Diwani alisema hilo litajadiliwa baadaye. Watu wakauliza tena, safari hii hata wasiofua. Diwani alifuta jasho, akatamka mbele ya wote kwamba hautauzwa. Wafuaji hawakumwamini kwa maneno tu. Walianza kuhudhuria vikao vya baraza na kukumbusha ahadi hiyo. Uwanja upo mpaka leo, nguo zinaanikwa.

Mtaa nao ulibadilika kidogo. Kauli mbiu mpya ikiingia, watu wanataka kujua imetoka wapi kabla ya kuvaa fulana.

Dobi Mdogo aliacha kufuata magari. Alizoea kwenda kwa Mama Jozi baada ya kazi, kumkanda miguu. Jioni moja Mama Jozi alicheka peke yake.

"Kuna jambo sikukwambia. Siku ile ya ofisi, mama yako alikuwa anatetemeka. Niliisikia shuka inacheza mkononi mwangu. Alikuwa na mimba yako, aliogopa kufukuzwa."

Dobi Mdogo alisimamisha mikono. Mama aliyemjua hakuogopa kitu. Huyu mwingine alikuwa mgeni, kijana kuliko yeye mwenyewe, na akamkosa huyo pia.

"Nisimulie tena, mama," alisema. "Anza pale alipotetemeka."