Kamba Iliyojibu

Kamba ilikuwa imeanikwa barazani siku mbili nzima, jua kali la kukausha hata mfupa, na bado ilikuwa mbichi. Mke wa Goti aliishika, akautoa mkono haraka. Ilikuwa ya baridi. Tena ilinuka mawe mabichi na majivu yaliyomwagiwa maji.

"Baba watoto, umeilowesha tena hii?"

"Sijaigusa."

"Basi nani?"

Goti aliinua macho, akautazama mlima. Jina hilo walimpa wenzake kwa sababu ya goti lake la kushoto, lililokuwa likimlilia kila akishuka mlima. Miaka kumi na tisa alikuwa akipandisha wageni, na wageni walimpenda. Aliwafikisha kileleni jua likichomoza, akawaacha wazubae mpaka washibe, kisha akawashusha wazima, wote. Wote, mpaka juzi.

Niseme ukweli, jambo hili kila nikilisimulia hunipandisha hasira. Waongozaji wana desturi yao. Kule juu kwenye mgongo wa mlima, njia ni nyembamba na kila upande ni genge la kutumbukia, kwa hiyo watu hufungwa kamba moja kiunoni. Wa mbele haruhusiwi kugeuka, maana akiyumba yeye wameyumba wote. Badala yake, kila kona huvuta kamba mara mbili: mpo? Wa mwisho naye huvuta mara mbili: nipo. Sawa, desturi nzuri. Lakini jamani, mtu na macho yake mawili, anaiachaje kamba iwe macho yake?

Juzi walikuwa wanne. Goti mbele, mwalimu mmoja na mkewe katikati, na nyuma kabisa shemeji yake Goti, mdogo wa mkewe. Yeye aliitwa Picha, kwa kuwa hakuna ua wala jabali alilolipita bila kulipiga picha. Njiani ukungu ukawashukia. Goti akavuta, kamba ikajibu. Kila kona ilijibu. Walipofika chini kwenye maegesho ya magari, bado wamefungwa kwa ajili ya ukungu, mwalimu na mkewe wakajitupa chini kupumzika, na nyuma yao kamba ikabaki imenyooka kuelekea kwenye ukungu, imekaza, imeinuka usawa wa kiuno. Kisha ikaanguka. Picha hakuwepo. Kitanzi chake kilikuwa bado kimefungwa, tena kwa fundo ambalo Goti hajawahi kuliona, na kilikuwa kidogo, cha kumtosha mtoto wa miaka mitatu.

Waokoaji walitafuta siku hizo mbili, hata kofia hawakuiona. Mama mkwe alikuja na begi lake, akakaa sebuleni, akakataa chakula.

"Umeondoka na mwanangu, mkwe," alimwambia Goti, "umerudi na kamba."

"Mama, nisamehe."

"Usiniite mama. Kamlete kwanza."

Alasiri hiyo kamba ilivuta. Mke wa Goti aliiona kwa macho yake, pale kwenye msumari, ikijikaza mara moja, mara ya pili, kisha ikatulia kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Alipogeuka, mkono wa mumewe ulikuwa umeshaishika. Aliupiga kofi.

"Unataka kufanya nini?" alinong'ona.

"Sijui," alisema Goti. "Mkono umekwenda wenyewe."

Walikwenda kwa fundi mahema. Alikuwa mjane aliyeshona mahema ya waongozaji wote wa pale, na watu walimwendea pia kwa mambo yasiyoshoneka. Aliitazama kamba, sindano mdomoni, asiiguse.

"Kule juu, nani alikuwa anakujibu?"

"Nilidhani shemeji."

"Ulidhani! Kila kona umeliuliza kama lipo, nalo likakwambia lipo. Jini linataka karibu gani nyingine?"

"Ndugu yangu yu hai?" aliuliza mke.

"Sijui, mwanangu. Ninachojua, halitamwachia mtu wenu mpaka kamba ikatwe palepale lilipojifunga. Mumeo aiteremshe gengeni, aikate. Litavuta, asijibu. Litalia, asijibu."

"Na kama anayelia ni yeye kweli?"

Fundi alikiinua kile kitanzi kwa ncha ya mkasi. "Kiuno cha ndugu yako kinaenea humu?"

Kesho yake, saa sita mchana, Goti alisimama peke yake juu ya mgongo wa mlima. Mbingu zilikuwa nyeupe. Aliteremsha kitanzi gengeni, na kamba ikaenda nyepesi, ikaenda, halafu ikawa nzito. Ilivuta mara mbili. Aliuma meno. Ukungu ukapanda kutoka bondeni, ukanuka majivu, na kutoka ndani yake ikaja sauti ya Picha, ile ile, na kikohozi chake kile kile: "Shemeji, mguu umevunjika. Nivute. Mbona unanyamaza, shemeji? Mwambie mama nina baridi." Naye Goti, jasho jembamba likimtoka, machozi yakimwingia mdomoni, alikuwa ameshika kisu mkono mmoja na kamba mkono mwingine, na mkono ule wa kamba ulikuwa unataka, ulikuwa unawasha kwa kutaka, kuvuta mara mbili tu amwambie kijana wa watu kwamba yupo, hajaondoka, hajamwacha, na sauti ikazidi kusogea, ikaacha kulia ikaanza kutukana, ikamtukana yeye na watoto wake na kaburi la baba yake, mpaka ikawa inasemea sikioni mwake kabisa, nayo kamba bado inaninginia chini. Akakata.

Hakuna kitu kilichoanguka. Ukungu ulifunguka, vilele vyote vikajitokeza, na upande wa pili wa genge filimbi za waokoaji zikaanza kulia. Walikuwa wamempata Picha ndani ya ufa, mguu umevunjika, ameishi kwa biskuti na maji ya kulamba mawe. Alikuwa hai. Goti alikaa chini akalia kwa sauti, bila aibu.

Wiki moja baadaye, mchana, walikuwa wote sebuleni, Picha amenyoosha mguu wake wenye plasta.

"Lakini kwa nini ulijifungua kamba?" dada yake alimuuliza.

"Ukungu uliachia kidogo, dada. Mawingu yamejaa bondeni, vilele vimechomoza juu. Nikasema nipige moja tu, nitawafikia. Nikaita, mkaendelea kwenda. Nikakimbia kuwafuata, nikateleza."

"Nilivuta," alisema Goti. "Nikajibiwa."

Picha alimpa kamera. Kwenye picha ulionekana mgongo wa Goti, wa mwalimu, wa mkewe, na nyuma yao, ndani ya kitanzi, kitu kifupi kilichovaa koti kama la Picha, miguu haigusi njia. Hicho peke yake kilikuwa kimegeuka kutazama nyuma.

"Ifute," alisema mama mkwe. Wakaifuta. Kisha mama mkwe akampakulia Goti chakula kwa mkono wake mwenyewe. "Kula, mwanangu. Yamekwisha."

Goti alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile, akanyoosha mkono kwenye sahani. Hapo ndipo kiuno chake kilipovutwa. Mara moja. Mara ya pili. Kilivutwa kuelekea mlangoni, kutoka mbele, na akaelewa kuwa safari hii wa nyuma ni yeye. Alilikumbuka neno la fundi, wallahi alilikumbuka. Lakini mazoea yana taabu. Mkono wa miaka kumi na tisa ulishuka kiunoni, ukashika pasipo na kitu, ukavuta mara mbili.

"Unakwenda wapi? Hujala!" mkewe alisema.

Alikuwa ameshasimama, anaelekea mlangoni, hageuki. Mkewe alimkimbilia, akamdaka shati kwa nyuma. Lilikuwa limelowa, la baridi.